Naomba Urudishe Mngurumo wa Gari Langu

Shemeji Fundi, mwenye gereji,

Salamu na heshima zote. Jumatatu ya wiki iliyopita, nilipokuja gerejini kwako kuchukua gari langu, nilikuta limepoteza mngurumo wake. Liliingia kwako likinguruma, likatoka kimya kama mwizi aliyevua viatu. Mtu wa mwisho kuwa na mngurumo huo ni wewe.

Utasema nilikuja mwenyewe. Kweli, ila nilikuja kujua ugonjwa, si kuponywa. Kwa miaka tisa gari lile halikukosa madaktari. Jirani alisema ni matairi. Nikabadilisha, likanguruma kwa matairi mapya. Muuza vipuri akasema ni giaboksi, akaniuzia oili nzito. Likanguruma kwa sauti nzito. Kinyozi alisema ni kijicho cha watu, na yeye angalau hakuniuzia kitu. Tuliishi kwa amani.

Ukaja wewe na utaratibu wako. "Shemeji, endesha, usiseme kitu." Arobaini, linavuma. Sitini, linanguruma. Themanini, kioo cha pembeni kikatetemeka hadi pikipiki moja iliyokuwa nyuma yetu ikawa tatu. "Achia mafuta." Likanyamaza. "Kanyaga." Likalia. Ukacheka peke yako. "Likivuta linalia, likiachiwa linanyamaza: hiyo difu ya nyuma, inayogeuza magurudumu, meno yamelika. Na mtetemo ni propela, hii fimbo ndefu ya chini inayopeleka nguvu nyuma. Kuna bingwa aliifungua bila kuweka alama, akairudisha ncha zake mbili hazielekeani." Ukaifunga upya kwa mstari wako wa rangi nyeupe, ukabadilisha meno na beringi, ukanikabidhi gari lisilosema kitu. Nilikushukuru. Shukrani hiyo naiondoa rasmi, kwa sababu zifuatazo:

1. Umeniharibia biashara. Wakulima wa kule juu walikuwa wakinisikia tangu darajani, na nikifika, magunia ya viazi yameshasimama kando ya barabara kama wanafunzi mstarini. Sasa nafika hakuna mtu. Wanatoka wakipikicha macho: "He, umepita wapi? Mbona hatukusikia?" Wakati wanatafuta kamba za kufungia magunia, anatokea yule mwenye lori bovu, tunayemwita Kishindo, anayesikika tangu bondeni, na mzigo unakwenda naye. Juma lililopita nilirudi na magunia kumi na moja. Gari lenye difu mbovu lilikuwa likirudi na arobaini. Wewe ni mtu wa hesabu. Niambie gari zima ni lipi.

2. Mtetemo nao ulikuwa mfanyakazi wangu. Viazi vya kumwaga, visivyotiwa magunia, ulikuwa unavipanga wenyewe njiani, kila kimoja kikapata pengo lake. Sasa vinakaa vilivyomwagwa, vimejibinua kama wageni waalikwa, na nafasi ya mzigo imepungua. Umenifukuzia kibarua ambaye hakuwahi kuomba likizo.

3. Nyumba yangu imekosa adabu. Zamani nikikata kona tu, nyumbani kila kitu kilijipanga: televisheni inazimwa, vitabu vinafunguliwa, kiti changu kinaachwa. Siku hizi naikuta nyumba ilivyo. Juzi nilimkuta Mama, yaani mama yako, mkwe wangu ninayemheshimu, amekaa kwenye kiti changu akimweleza jirani habari za tumbo langu. Hakukatisha. Alinikaribisha vizuri, akamalizia sentensi.

4. Hili ndilo kubwa. Dada yako sasa anaongea ndani ya gari. Siku za soko miaka yote tulipanda pamoja, na zaidi ya sitini hakuna aliyemsikia mwenzake. Kwa hiyo nilikwenda themanini, tukapendana. Kumbe ndoa yetu ilikuwa imefungwa kwenye difu. Sasa kutoka shambani hadi sokoni nahojiwa. Amesema, "Ulizoea kukimbia ili usinisikie." Amesema pia kwamba wakulima hawakunikimbia kwa sababu ya ukimya. Eti Kishindo hushuka, husalimia hadi wazee walio ndani, hubeba gunia begani mwenyewe. Mimi hukaa nyuma ya usukani nikipiga honi. Nimeyapima maneno hayo nikaona ni fitina iliyoletwa na beringi mpya. Kabla ya beringi hakuwahi kuniambia.

Kwa hiyo naomba mambo yafuatayo. Meno ya zamani, ambayo naambiwa umeyatundika ukutani kuwaonyesha wateja, yarudishwe mahali pake. Propela igeuzwe ikae vibaya kama ilivyokuwa. Mimi si mkorofi: sidai kioo kitetemeke. Nataka mngurumo kuanzia sitini, kupanda mlima tu, na dada yako akifungua mdomo uanzie hamsini.

Tena nashauri, kwa faida ya jamii, gari lolote lisiruhusiwe kutoka gerejini kwako bila kelele ya kiasi. Mafundi mmejifunza kusikiliza magari, lakini hamkufikiri nani mwingine ataanza kusikika mkishamaliza. Ndoa ngapi umezinyamazishia magari? Ukikataa, nitakuletea Mama akae gerejini na kiti chake, ufanye kazi huku akieleza habari za tumbo lako.

Msalimie mkeo na watoto, na mafundi wenzako wote, hata yule anayejibu kila swali kwa "kesho". Huku hatujambo, na tunasikilizana kupita kiasi.

Ni mimi shemeji yako mwenye hasara,
Mwenye gari kimya

N.B. Nilikuwa nimeshaikunja barua. Leo asubuhi tukishuka na mzigo, pale barabara inapobana na bonde liko kushoto, dada yako alinishika mkono: "Simama. Kuna kitu kinagonga." Mimi sikusikia kitu. Akasema simama, nikasimama. Gurudumu la nyuma kushoto, upande aliokaa yeye, lilikuwa limebaki na nati mbili kati ya sita, na hizo mbili nilizigeuza kwa vidole. Kwa mngurumo ule wa zamani tusingesikia kitu hadi bondeni. Nilizikaza kwa spana yangu, nikakaa kando ya barabara, naye akanishikia chupa ya maji.

Malalamiko ya kwanza hadi ya nne nimeyafuta. Difu usiiguse. Lakini gurudumu lile lilivuliwa gerejini kwako wakati wa kazi hiyohiyo. Nijibu kwa mkono wako, kabla ya Jumamosi saa sita mchana, bila utani: nani alilirudisha, na nani alikagua nati kabla dada yako hajapanda?