Kidirisha cha Pembeni, Chini Kulia

Jumatatu, 9 Juni 2025

Habari kubwa. Madam Ndila, mwenye duka letu la kuchapa hapa Machakos mjini, anafungua tawi Kyumbi na anatafuta meneja. Atachagua kati yangu na Tracy. Atatangaza wiki ijayo.

Meneja wa Kyumbi atapewa kiti cha ofisi, cha magurudumu. Mimi nimekalia kiti cha plastiki miaka sita, mguu mmoja umefungwa waya. Hicho kiti cha Kyumbi ni changu.

Tracy ana diploma. Anachapa kwa vidole vyote kumi huku anaangalia mlango. Mimi natumia viwili, lakini vina uzoefu.

Nimeanza kujitayarisha. Kuna Mnaijeria mmoja kwa mtandao, ana upara na suti nyekundu, anafundisha watu kuwa bosi. Sehemu arobaini. Shida ni kwamba Madam akipita nyuma yangu anataka kuona kazi kwa skrini. Leo nimegundua kitu. Ukibonyeza mahali fulani, video inatoka kwa ukurasa wake, inakuwa kidirisha kidogo kinachokaa juu ya kila kitu. Unachapa barua, na mwalimu yuko hapo hapo. Nimekisukuma pembeni, chini kulia, nikakipunguza kikawa kama kiberiti. Sauti nimeweka sikio la kushoto, kwa sababu Tracy anakaa kulia.

Sehemu tatu nimemaliza. Pia nimechapa barua mbili. Moja ilienda kwa mtu mwingine, lakini ameirudisha.

Jumanne, 10 Juni

Wamekuja watu wa Mwala. Mzee Muthoka amefariki akiwa na miaka tisini na moja, mazishi ni Jumamosi. Mwenyekiti wa kamati ni mdogo wake, Mzee Maundu. Wanataka programu ya mazishi, kurasa nane, ya rangi. Madam amenipa mimi! Tracy hakulalamika. Alisema tu nifunge hicho kidirisha nikifanya kazi ya watu. Wivu mtupu.

Mtu ambaye hajawahi kutengeneza programu ya mazishi hajui uoga. Ukisahau mjukuu mmoja, shangazi yake anakuja dukani na mwavuli. Ndiyo maana hatuchapi kabla ya familia kukubali. Na kwa sababu wazee hawawezi kufungua faili kwa simu, tunapiga picha ya skrini, tunatuma kwa group ya familia, wanasahihisha. Group ya Mzee Muthoka iko na watu mia moja na arobaini. Kumi wanasahihisha, wengine wanatuma mikono ya kuomba.

Nimeweka picha ya marehemu ukurasa wa kwanza. Nimepiga picha ya skrini. Nimetuma. Nimeenda kula muthokoi kwa amani.

Jumatano, 11 Juni

Simu kumi na saba kabla ya chai.

Aiya. Kile kidirisha kinakaa juu ya kila kitu, hata juu ya picha ya skrini. Ukurasa wa kwanza, chini ya marehemu, upande wa kulia, yuko Mnaijeria wangu. Suti nyekundu. Kidole kimeelekezwa juu, moja kwa moja kwa Mzee Muthoka. Upara wa kwanza na upara wa pili. Na kusema kweli, masikio yanafanana.

Familia haikuuliza hii ni nini. Iliuliza huyu ni nani. Kwa programu ya mazishi, sura iliyo chini ya marehemu ukurasa wa kwanza ni ya mtoto wa boma. Na mtoto wa boma ambaye hajulikani, tena amevaa vizuri hivyo, amekuja kwa sababu ya shamba. Masila, kifungua mimba, aliandika kwa group kwamba baba yao alizaa watoto wanne, na anayejua wa tano aseme kabla ya Jumamosi. Mikono ya kuomba ilikoma.

Madam aliniita. Niliiona Kyumbi ikiondoka machoni pake. Lakini sehemu ya saba inasema bosi haonyeshi wasiwasi. Nikamwambia, kwa sauti nzito, kwamba hiyo picha ililetwa na mtu wa familia aliyeomba jina lake lisitajwe. Madam akavua miwani. Akasema kama ni siri ya mteja, nimefanya vyema kuitunza.

Nimeangalia orodha ya video. Sehemu ya kumi na mbili ni "Kiongozi hukubali kosa lake". Dakika hamsini. Nimeiruka.

Alhamisi, 12 Juni

Mzee Maundu amekuja mwenyewe kutoka Mwala. Aliomba tuongee nyuma, penye karatasi. Aliuliza polepole nani alinipa ile picha.

 Nikatumia sehemu ya nne, bosi hujua kunyamaza. Nilinyamaza, nikaitikia kwa kichwa mara moja.

Yule mzee alikaa juu ya katoni ya karatasi na akaomba maji. Akasema basi imejulikana. Akasema marehemu kweli alikuwa na mtoto wa tano, anaitwa Kioko, anafanya kazi kiwanda cha simiti Athi River. Kaka yake, akiwa kitandani, alimwapisha amlete huyo mtoto nyumbani. Na yeye Maundu akanyamaza, kwa sababu wale wanne wangemlaumu wakisikia shamba linagawanywa mara tano. Tangu wiki iliyopita hajalala vizuri. Aliniuliza mimi afanye nini. Aliniuliza mimi!

Nilisikia vibaya, naandika wazi. Mzee wa miaka themanini analia juu ya katoni kwa ajili ya mtu anayeuza masomo mtandaoni. Nilifungua mdomo nimwambie. Halafu nikakiona kile kiti cha magurudumu.

Nikamwambia ukweli haufichiki. Alinishika mkono akaenda. Tracy alikuwa amesimama mlangoni na wino wa printa.  Aliniangalia tu mpaka nikaanza kupanga karatasi zilizokuwa zimepangwa.

Ijumaa, 13 Juni

Masila amepiga simu. Nilidhani ni matusi.

Jana jioni Mzee Maundu alisimama mbele ya familia akasema yote. Kukawa na kelele, na Masila akatishia kuahirisha mazishi. Ndipo mjane, ambaye boma lote humwita Mwaitu, akasema yeye amejua kwa miaka thelathini. Kila Desemba amekuwa akimtumia Kioko debe la mbaazi bila kumwambia mtu. Alikuwa anangoja tu mzee wake aseme mwenyewe, na sasa mzee ameenda bila kusema. Akaagiza jina liandikwe, namba tano, na mtoto arushe udongo na wenzake. Hakuna aliyempinga.

Baadaye Masila amemleta Kioko dukani na picha yake. Ni mfupi, ana nywele nyingi, anatabasamu kama mtu anayengoja kufukuzwa. Masila aliangalia ile ya kwanza, akaangalia hii, akauliza mbona hazifanani kabisa. Nikasema ni mambo ya kompyuta. Wakakubali.

Programu mia tatu, zimechapwa moja kwa moja kutoka kwa faili. Tracy ndiye aliyebonyeza.

Jumamosi, 14 Juni

Mazishi Mwala. Nimeenda na Madam. Kioko alirusha udongo wake akiwa wa tano, na Masila akamshika bega. Nililia. Sikupanga kulia.

Baadaye Mwaitu aliniita karibu na jikoni. Alisema wengi wanajua ukweli lakini mimi ndiye niliyeuweka ukurasa wa kwanza. Alisema mama yangu alizaa mtu. Nilikuwa karibu kumwambia. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Halafu wakaleta nyama.

Jumatano, 18 Juni

KYUMBI NI YANGU. Madam ametangaza mbele ya wateja. Alisema familia moja ya Mwala imemwambia amwamini huyu kijana. Mimi kijana wa miaka thelathini na nane.

Alitoa sharti moja. Nisionekane tena na video kwa skrini ya kazi. Sijui nani alimwambia. Nimeapa.

Tracy alinipa mkono na kunitakia mema. Alinishauri kitu kimoja, kwamba kazi ikienda kwa wachapaji wengine nitume faili yenyewe, si picha ya skrini. Nilimshukuru jinsi bosi anavyomshukuru mfanyakazi.

Kiti nimekikalia kidogo. Kinazunguka.

Ijumaa, 20 Juni

Kesho tunafungua tawi. Nimetengeneza bango la mlangoni, mita tatu. Jina la duka, huduma, na chini kulia, kwa herufi nzuri, MENEJA: KITHEKA.

Madam yuko Athi River kununua mashine. Nikampigia picha ya skrini, nikatuma. Akajibu kwa kidole gumba baada ya sekunde mbili. Miwani yake nimeiona hapa juu ya meza, lakini kidole gumba ni kidole gumba. Kwa kuwa picha ilikuwa tayari kwa simu, nikamtumia Mike wa mabango hiyo hiyo. Faili ilikuwa kubwa, na mimi nilikuwa na shughuli.

Shughuli ni sehemu ya kumi na tisa, "Siku yako ya kwanza". Nimeapa kutoonekana na video. Hakuna aliyeniona.

Jumamosi, 21 Juni

Mike amelileta bango likiwa limeviringishwa, wageni wakiwa wameshafika. Madam alikuwa amewaalika Mzee Maundu na Mwaitu kama wageni wa heshima. Kioko aliwaleta. Tukafunga kamba, tukaachilia.

Suti nyekundu. Urefu wa mita moja, na ukungu kidogo usoni. Kidole kimeelekezwa juu kabisa, kwa jina la duka. Jina langu liko nyuma ya upara wake, imebaki MENEJA tu. Chini yake saa ya kompyuta inasoma saa nne na dakika kumi.

Wapita njia waliuliza kama meneja mwenyewe ameshafika. Mzee Maundu aliangalia bango kwa muda mrefu, akaniangalia mimi, akatafuta mahali pa kukaa. Mwaitu alisogea karibu. Akauliza kama huyu mtu anazaliwa kila boma.

Madam alivaa miwani. Akauliza. Nikaeleza, kwa sababu sehemu ya kunyamaza haikufanya kazi. Nilingoja Mzee Maundu anipige na fimbo. Lakini Mwaitu alianza kucheka, akacheka mpaka akaletewa kiti changu cha magurudumu. Alipopata pumzi alimshika Kioko mkono, akasema huyu ni wa mzee wake na haendi popote, hata kama aliletwa na kichaa. Kichaa ni mimi.

Madam alimpa Tracy ufunguo hapo hapo. Mwaitu alipoinuka, Tracy alikaa. Magurudumu hayakulia hata kidogo. Mimi Jumatatu narudi mjini, kwa kiti cha waya.

Nimekaa chini nimetafuta kosa langu, kama mtu mzima. Nimelipata. Ni ile pembe. Watu wakimaliza kusoma, macho yao huishia chini kulia. Kuanzia Jumatatu kidirisha nitakiweka juu, kushoto.