Jeli ya Mabega ya Baba

Jumatatu, 6 Oktoba

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata padri. Ninaiba dawa ya baba yangu. Leo siku ya kumi na nne.

Si dawa ya kikohozi. Ni jeli ya homoni ya kiume, imo kwenye chupa nyeupe ya kubonyeza. Daktari wa mjini alimpima Baba mwezi wa nane akakuta testosteroni yake iko chini sana. Baba ana miaka arobaini na saba. Ameambiwa ajipake mabegani kila asubuhi, mibonyezo miwili, kisha akae bila shati mpaka ikauke. Chupa anaificha nyuma ya unga wa mahindi kwa haya. Mimi nabonyeza mara moja tu. Napaka juu ya mdomo.

Sababu ninayo. Nilipokuwa na miaka saba, siku ya kupika rakia, pombe yetu kali ya plamu, Baba alinibeba kwenye mabega hayo hayo nione mvuke wa mtambo wetu wa shaba. Alikuwa akiimba. Majirani walisema wamekuja kwa ajili ya wimbo, rakia ni kisingizio tu. Tone la kwanza lilipodondoka alilikinga kiganjani, akasugua viganja, akanusa, akafumba macho. Nikaomba na mimi. Akacheka, akasema siku nikiota masharubu, tone la kwanza litakuwa langu.

Sasa nina miaka kumi na sita na vinywele vinne. Na Baba haimbi tena, mwaka wa pili huu. Akirudi kazini analala kwenye kochi na viatu vyake. Nikaona muda unatuishia sote wawili. Mbonyezo mmoja haumpunguzii mtu kitu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Matokeo: chunusi saba. Masharubu: hakuna. Darasani Miloje, ambaye ana ndevu tangu darasa la saba, aliniuliza kama nimebusu mzinga wa nyuki. Jibu kali nililipata. Lilinijia nikiwa nimeshashuka kwenye basi nyumbani.

Asubuhi kulikuwa na vita. Baba alikaa jikoni bila shati, dirisha wazi, jeli ikikauka. Bibi Stamena, mama yake, akaingia. Akasema upepo unaopita kati ya dirisha na mlango umeua watu wengi kuliko vita vya Waturuki. Akafunga dirisha. Baba akajitetea kwamba ni agizo la daktari. Bibi akajibu kwamba huyo daktari bila shaka hakulelewa na mama. Nikakimbilia basi kabla sijaona mshindi.

Bibi ana nguvu siku hizi. Amepasua kuni za majira yote ya baridi peke yake. Ana miaka sabini na mbili.

Jumamosi, 11 Oktoba

Balaa. Majibu ya damu ya Baba yametoka. Homoni haijapanda hata kidogo. Daktari haelewi. Baba naye hakungoja aelewe. Alirudi, akaiweka chupa juu ya kabati, akasema basi, ameshazeeka, yaishe. Kisha akatembea hadi kwa jirani yetu Tihomir na kumuuzia mtambo wa shaba.

Mtambo wa babu yake. Tihomir ameutamani miaka kumi na miwili. Atakuja kuuchukua Jumapili ya wiki ijayo.

Nilikwenda bandani nikaugusa. Ulikuwa baridi. Ubavuni bado pana alama nilipogonga kwa kijiko nikidhani ni ngoma, na Baba hakunigombeza, aliimba kwa kufuata mapigo. Haya yote ni kazi ya mdomo wangu.

Nimeacha kuiba. Sasa nahitaji mpango.

Jumanne, 14 Oktoba

Mpango: Tihomir asipate usafiri. Jioni nilijipenyeza uani kwake nikatoa upepo wote kwenye magurudumu ya trela. Nilijivunia.

Kumbe trela ni letu; gizani sikulitambua. Tihomir alikuwa ameliazima tu.

Baba alilazimika kuyajaza kwa pampu ya mkono. Nilijitolea kusaidia, akakataa. Alipampu mara ishirini hivi, akaketi chini kwenye matope, akatazama mikono yake kama ya mtu mwingine. Akaniambia zamani alikuwa akiliinua trela hili bila jeki. Nilisema nakumbuka. Nakumbuka kweli.

Usiku sikula. Bibi alikula sehemu yangu. Ana kivuli cheusi juu ya mdomo. Nilimtazama kwa wivu, Mungu anisamehe.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimekiri. Wakati wa kifungua kinywa, nikiiambia sahani yangu. Nilieleza jeli, mdomo, mibonyezo, trela pia. Bibi akanichapa kwa kitambaa cha vyombo, akaniita mwizi wa wagonjwa. Kisha akaongeza kwamba hata hivyo dawa yenyewe ni ya ovyo. Inamtoa mwanawe jasho la baridi. Kila asubuhi imembidi yeye amfute mabega na kuyasugua kwa rakia kali mpaka yawe mekundu.

Baba akaweka kikombe chini polepole. "Kumbe lile si jasho, Mama. Ndiyo dawa. Ulikuwa unaifuta kila siku? Kwa mikono mitupu?"

"Kwani nilikuzaa na glavu?"

Nilimuuliza Baba kwa nini alimwachia. Akasema amesuguliwa rakia tangu azaliwe, hajawahi kufikiri kwamba mtu anaweza kukataa.

Akatoa karatasi ya maelezo ya dawa, bado imekunjwa kama ilivyotoka kiwandani, akanipa nisome kwa sauti. Nikasoma: mtu mwingine asiguse ngozi iliyopakwa, hasa wanawake, kwani wanaweza kuota nywele usoni na sauti kuwa nzito.

Bibi akapapasa juu ya mdomo wake. Jumapili iliyopita kanisani padri aligeuka mara mbili kutafuta ni mwanamume gani anayeimba karibu na Bibi.

Baba akaanza kucheka. Nilikuwa nimesahau jinsi kicheko chake kinavyoanza, kwa mluzi mdogo puani. Alishika meza. Alilia. Bibi akasema kwa sauti nene kwamba haoni cha kuchekesha, na hapo nikaanguka mimi kwa kicheko.

Baba alimpigia daktari. Aendelee na jeli, bila wezi wala rakia, apimwe tena baada ya wiki sita. Bibi naye aende kupimwa. Halafu Baba akaenda kwa Tihomir kumrudishia pesa zake.

Jumapili, 19 Oktoba

Tihomir alikuja na trela. Alisema kama habebi mtambo, basi trela limbebee huzuni yake. Hata hivyo yeye ndiye aliyechochea moto chini ya mtambo tulipopika rakia.

Baba bado anachoka. Aliketi kwenye kreti akasinzia, mgongo kwenye pipa la plamu. Lakini bomba lilipoanza kutoa harufu aliamka peke yake, akaniita. Nilinyoosha kiganja. Nimengoja miaka tisa.

Alinitazama juu ya mdomo, kwa muda mrefu, kwa haki kabisa. Akasema ahadi ni ahadi: tone la kwanza ni la mwenye masharubu. Akamwita Bibi.

Alikuja kidevu juu, akifuta mikono kwenye aproni. Akakinga, akasugua viganja, akanusa, akafumba macho. Vilevile kama Baba. Sasa najua alikojifunzia. Tihomir alivua kofia. Baba akaanza ule wimbo wa zamani, mistari miwili, akakosa pumzi. Bibi akaumalizia kwa besi.

Baadaye Tihomir alinivuta pembeni. Alisema katika umri wangu alipaka mafuta ya bata bukini yaliyochanganywa na masizi ya jiko, na kabla ya Krismasi alikuwa na masharubu ya kusuka. Nilimjibu kwamba nimeshapata funzo langu. Nikamuuliza ni mara ngapi kwa siku.

Nilirudi ndani. Nilishusha mtungi wa mafuta kwenye rafu ya Bibi, nikakwangua masizi mlangoni mwa jiko, nikachanganya kwa kijiko, nikafunga mlango wa chumba changu, nikapaka mara tatu. Kesho nina mtihani wa kemia.