Kuhusu Kanuni za Pamoja Zilizoruhusu Nyasi Peke Yake

Mwalimu Ngigi Muturi (mstaafu),
Barabara ya Mawe Mawili,
Kitengela.

Kwa Mwenyekiti na Wanakamati,
Kamati ya Pamoja ya Kanuni za Ujenzi Mpakani.

Waheshimiwa,

Natumaini barua hii itawakuta mkiwa wazima na mkiwa mmekaa, kwa sababu ni ndefu. Mimi nimefundisha jiografia katika shule za Kajiado kwa miaka thelathini na mmoja, na sijawahi kuandikia ofisi yoyote malalamiko isipokuwa mara moja tu, kuhusu madirisha ya darasa la sita. Hayajawekwa mpaka leo, lakini sina kinyongo.

Kwanza nikiri kosa langu. Siku mliyokuja kuzindua Kanuni za Pamoja, pale uwanjani, niliyepiga makofi kuliko wote ni mimi. Nilikuwa na sababu. Barabara yetu ya marram, isiyo na lami na yenye upana wa mita tisa, ndiyo mpaka wa serikali mbili za kaunti. Upande wetu uliruhusu nyumba za kuishi ukakataza mifugo na karakana. Upande wa pili uliruhusu mifugo na karakana ukakataza mtu kulala. Mheshimiwa mmoja wenu alisema kwenye kipaza sauti kwamba haifai majirani wanaoombana chumvi wawe na sheria mbili. Nikamwambia mke wangu, huyu mtu ana akili.

Sasa nina malalamiko matano. Nimeyatia nambari ili asiwepo wa kusema hakuyaona.

1. Jinsi mlivyounganisha. Mtu akiambiwa aunganishe sheria mbili, ungedhani atachukua kinachoruhusiwa huku na kinachoruhusiwa kule, au angalau atawauliza wenyeji. Ninyi mlichukua makatazo ya huku mkayajumlisha na makatazo ya kule. Kwa hivyo, mita mia nne kila upande wa barabara, hakuna mifugo, hakuna karakana na hakuna mtu kulala. Nilisoma kijitabu chenu mara tatu nikitafuta kinachoruhusiwa. Nilikipata ukurasa wa kumi na tisa: nyasi, mradi zisizidi inchi sita. Wiki iliyofuata nyumba yangu, niliyoijenga likizo baada ya likizo, ikachorwa X nyekundu ya kubomolewa. Afisa wenu alikuwa na adabu, lazima niseme. Alibisha hodi kwanza, akaniuliza, "Mzee, niiweke wapi isiharibu maua ya mama?"

2. Mbuzi wa Hibaq. Jirani yangu wa ukuta, Hibaq Dirie, hununua mbuzi soko la Bisil na kuwauza hapa kwetu. Zamani askari wa kaunti, hawa tunaowaita kanjo, wakija kukagua upande wetu, Hibaq alifungua geti, mbuzi wakavuka barabara, wakawa halali. Kanjo walimkuta akifagia boma tupu, wakanywa chai yake yenye iliki, wakaenda zao. Jioni mbuzi walirudi wenyewe. Naye Mutunga, fundi wa kuchomelea vyuma, alifanya kazi upande wa pili mchana kutwa, na giza likiingia akavuka kuja kulala kwenye chumba changu cha nje. Nawaomba mlielewe hili, Waheshimiwa. Tofauti ya sheria zenu ndiyo iliyotulisha. Kila mmoja wetu alikuwa mhalifu nusu siku tu. Ninyi mmetufanya wahalifu saa ishirini na nne.

3. Barabara yenyewe. Hapa pia nina hatia. Nilipoifungua ramani yenu, kwa mazoea ya kazi, niliona kwamba kila upande umepimwa kuanzia ukingo wa barabara kwenda nje. Barabara imeachwa nyeupe pe. Nikamwambia Hibaq kwa mzaha, kila mtu akiwa upande wake wa ukuta, "Mama, pale katikati hakuna sheria hata moja." Hakucheka. Kesho yake asubuhi mbuzi arobaini walikuwa barabarani, wamezungushiwa seng'enge. Mutunga akaleta mashine yake, halafu kitanda cha chuma alichokiunda mwenyewe. Caro, msusi wetu, akahamisha saluni, vioo na vyote. Ciku, muuza viazi vya kukaanga, akaweka karai lake. Mchungaji wa kanisa akaja na hema na spika mbili. Baada ya wiki tatu nilichukua tepu nikapima: katika mita tisa ilikuwa imebaki moja na robo.

Kanjo wa pande zote mbili walifika. Walisimama kila mmoja kwenye ukingo wake, wakatutazama kama watu waliokuta mto umefurika.

"Hao ni wako," mmoja akamwitia mwenzake.

"Wangu waliishia hapo kwa mtaro," mwenzake akajibu.

Wakapungiana mkono, juu ya mbuzi.

4. Mke wangu. Hili siliandiki kwa mzaha. Alhamisi moja, saa nane mchana, Waceke aliteleza akianua nguo, akavunjika nyonga. Ambulensi ilikuja upesi, nashukuru, ikakwama kwa seng'enge ya kwanza. Dereva akashuka akaja mbio kwa miguu hadi kwangu. "Mzee," akaniuliza, "hii ni barabara ama ni soko?" Aliyewaonyesha watu pale mahali ni mimi, na sasa mke wangu alikuwa amelala juu ya shuka zenye matope, akiuma kitambaa ili asilie mbele ya watu.

Aliyepata akili alikuwa Hibaq. "Mutunga! Lete kitanda!" Kilikuja na godoro lake. Wakamwinua Waceke taratibu, Hibaq na Caro upande wa kichwa, Mutunga na mchungaji upande wa miguu, Ciku mbele akifukuza mbuzi kwa mwiko wa viazi. Ni mita mia tatu, na hakuna hata moja iliyonyooka. Mimi nilibeba mkoba wake na kiatu kimoja, na sikuwa na faida nyingine yoyote.

Karibu na ambulensi, tulipotoka nje ya ukingo wa barabara kukwepa seng'enge, afisa wenu mmoja akatusimamisha. Alisema kitanda ni kifaa cha kulalia, na kwamba tunakiingiza katika eneo ambalo kulala kumekatazwa. Akatoa kitabu cha notisi. Kweli alikitoa, Waheshimiwa, na akajaribu kalamu kwenye kiganja. Waceke akainua kichwa kutoka kwa mto. "Mwanangu," akamwambia, "mtu mwenye maumivu kama haya halali. Andika hivyo."

Yule afisa akatazama kalamu, akamtazama mama. Akafunga kitabu, akakitia mfukoni, akashika kona ya kitanda aliyokuwa anaishika Caro, maana Caro mikono ilikuwa imeisha nguvu. Jina lake silijui, na ningelijua nisingewatajia, kwa maana najua mngemwita ajieleze.

Waceke amefanyiwa upasuaji na amerudi nyumbani. Anajifunza kutembea tena kwa kushikilia ukuta, ule ule wenye X. Amenikataza kuifuta. Anasema inamsaidia kujua amefika nusu.

5. Ombi letu. Kwa kuwa upande huu hamtutaki, na upande ule hamtutaki, na kwa kuwa katikati hamkuwa mmepaona, wakazi tuliketi Jumapili baada ya ibada tukaanzisha serikali ya tatu. Inaitwa Serikali ya Mita Tisa. Mimi ni mwenyekiti, Hibaq ni naibu, Mutunga anashughulikia ujenzi, na Waceke amekubali afya kwa sharti kwamba asipigiwe simu. Tumeshasogeza vibanda na mbuzi, na ambulensi sasa ina mita nne za kupita. Nilizipima mwenyewe, mara mbili. Kanuni yetu ni moja: mgonjwa apite, na mengine majirani wataelewana.

Tunaomba mtutambue kama serikali kamili, mtupe viti viwili katika kamati yenu, na maofisa wenu wapige hodi kabla ya kukanyaga. Tunaomba pia mfute Kanuni za Pamoja zote, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Watu waliobebana kwa kitanda kimoja hawahitaji mtu wa kuwachorea mstari wala kuwaandikia sheria. Hilo nimelishuhudia kwa macho yangu, na hakuna ramani itakayonibishia.

Wasalimieni wote hapo ofisini, kuanzia mlinzi wa geti hadi yule mama anayegonga mihuri. Kwa wazee wa Kimaasai walio katika kamati yenu, ambao walijua kupita ardhi hii kabla ya bikoni ya kwanza, lile jiwe la mpaka, kuzikwa, nawaamkia kwa lugha yao: sopa. Kama hakuna hata mmoja, basi hilo lihesabiwe kuwa lalamiko la sita.

Ni mimi, mtiifu kwa upande wowote mtakaoniweka,

Mwl. Ngigi Muturi
Mwenyekiti, Serikali ya Mita Tisa

Baada ya kutia sahihi: Kabla sijaipeleka barua hii, mbuzi wawili wa Hibaq waliingia saluni ya Caro wakala nywele za bandia za wateja watatu, mmoja wao akiwa bibi harusi. Maneno yaliyotoka siwezi kuyaandikia ofisi. Kwa ajili ya amani, tumelazimika kugawa barabara kwa mstari wa chokaa. Kushoto ni mifugo na karakana. Kulia ni saluni, chakula na kulala. Leo asubuhi Mutunga ameamka upande wa kulia, na alipotaka kuvuka kwenda kazini kushoto ameambiwa aonyeshe barua ya ruhusa. Tafadhali puuzeni ombi la nambari tano, mje upesi mtuandikie kanuni za pamoja. Kila upande umeshachagua mwenyekiti wake, na mimi nimebaki mwenyekiti wa chokaa.