Jipu la Papa Mbonigaba

Jumatatu, tarehe 10 Juni
Siku njema! Papa Mbonigaba ameniletea gari lake la jipu nilipake rangi nyeupe. Akiridhika, Jumamosi atawapokea wazee wangu waje kumposa binti yake, Claudette. Amesema kwa kinywa chake! Athanase, mpaka rangi wa ng'ambo ya barabara, alikohoa tu. Wivu huo.

Jumanne, tarehe 11
Nimepata akili. Hapa Mweso, kabla ya misa, mama hutupaka siagi ya ng'ombe tung'ae. Kwa nini bati linyimwe? Nikalisugua jipu zima kwa siagi, kisha nikapuliza rangi. Ole wangu! Rangi ilikimbia siagi. Vishimo kila mahali.

Jumatano, tarehe 12
Dawa ya vishimo: rangi nyingi, nzito. Ikatiririka kama uji mpaka kwenye magurudumu. Athanase akauliza kama jipu linalia. Nikamjibu ni mtindo mpya wa Goma. Mara Papa Mbonigaba huyo! Akazunguka jipu, akauliza, "Kijana, motokari yangu iko na tetekuwanga?" Nikasema inapona. Nimeogopa sana. Nikimkosa Claudette, nimekwisha.

Alhamisi, tarehe 13
Claudette amekuja mwenyewe, amefunga kitambaa kichwani. Kila asubuhi yeye huosha vyombo vya maziwa, kwa hiyo kwa mambo ya siagi hadanganyiki. "Callixte, mafuta njo adui ya rangi! Toa yote!" Tukakwangua mpaka bati. Sabuni, petroli, msasa, tena sabuni. Akanikataza kugusa bati kwa mikono mitupu. Anafoka vizuri, jamani. Nampenda.

Ijumaa, tarehe 14
Nimepuliza rangi nyepesi, nikangoja ikauke, nikarudia. Laini! Papa Mbonigaba alijiona usoni mwa mlango wa jipu, akarekebisha kofia. Amesema niwalete wazee kesho. Hata Athanase amenipa mkono. Nina raha tele. Claudette anadhani ni sabuni. Masikini, hajui kwamba siagi ilishaingia ndani ya bati. Namwachia ushindi.

Jumamosi, tarehe 15
Wazee wangu wametangulia, suruali nyeupe, fimbo mkononi. Nami nimewaandalia wakwe zangu zawadi ya kimyakimya: alfajiri nimepaka rangi ya bluu mabenchi yote ya uani kwao. Nimegusa kwa kidole. Yananata kidogo tu. Sasa hivi, nikiwa nje ya ua wao, nasikia Papa Mbonigaba akiwakaribisha wote wakae.