Alama Chini ya Malkia

Kabla Kalondu hajamtazama mgeni usoni, aliona madoa mawili ya rangi ya kucha, ya samawati, chini ya hotpoti ambayo mgeni alikuwa ameiinua juu. Mgeni alikuwa akiwaambia akina mama wa kanisa, hapo Mutomo, kwamba imetoka kiwandani juzi. Kiwanda hakipaki rangi ya kucha. Wanaopaka ni akina mama, ili vyombo vikichanganyika kwenye harusi na matanga, kila kimoja kirudi kwao. Kalondu ndiye aliyeviosha vyombo hivyo miaka sita. Madoa mawili ya samawati yalikuwa ya Mbula wa Kalamba, rafiki ya marehemu mama yake.

Hakusema. Hata kwenye maombi, Kalondu husema amina kwa midomo tu.

Mgeni aliitwa Muthama. Alivaa koti jeupe kama la daktari, na mfukoni alikuwa na kalamu tatu, zote bila wino. Alikuwa na jicho la kuona kitu kilichokufa ambacho bado kinaliliwa, na Malkia, kampuni ya hotpoti, ilikuwa imekufa vizuri. Zamani bibi harusi asiye na hotpoti ya Malkia alionewa huruma. Zilitunza joto la chakula kutwa na hazikuvunjika, na hapo ndipo kampuni ilipojikosea, maana aliyenunua moja hakurudi dukani tena. Kisha zikaja za bei rahisi, watu wakazikimbilia, Malkia ikafunga. Sasa wale wale waliokimbia wanaililia, na kule mjini Salama wenye hoteli za barabarani wanaitafuta kama dawa.

"Mwaitu, Malkia inarudi," alisema Muthama, akiwaita mama kwa Kikamba. "Leta moja ya zamani, Ijumaa ijayo uchukue tatu mpya."

"Bure?" akauliza Anti Wayua, mwenyekiti wa jikoni la kanisa, ambaye Kalondu aliishi kwake.

"Bure ni neno la watu wadogo. Sema shukrani ya kampuni."

"Na nikileta saba?"

"Ishirini na moja. Nunua kabati ingine, mwaitu."

Anti Wayua alileta saba. Tatu zilikuwa zake. Tatu zilikuja kwake na chakula cha matanga zikasahau njia ya kurudi, naye akazikwangua alama kwa kisu. Ya saba ilikuwa ya kijani, yenye herufi nyekundu chini. Aliitoa chini ya kitanda cha Kalondu. Ndicho kitu pekee mama yake alichomwachia.

"Anti, hiyo..."

"Hiyo nini? Ongea kama una mdomo!"

Kalondu akaufunga.

Hotpoti kama arobaini zilifika jikoni mwa kanisa. Anti Wayua akamchinjia Muthama, ofisa wa kampuni, kuku.

"Ofisa hapakii vyombo," alisema Muthama akinawa mikono. "Huyu msichana asiyeongea aoshe, apakie. Wanaoongea sana huvunja."

Aliporudi, mafuta ya kuku yaking'aa kidevuni, magunia yalikuwa yameshonwa kwa kamba ya katani. Akainua moja, akaridhika na uzito, akapakia kwenye pikapu, akaondoka akipunga mkono kama anayeomba kura.

Kule Salama, mwenye hoteli aitwaye Ndululu alikuwa amelipa mapema. Akakata kamba, akashika hotpoti ya kwanza. Kifuniko kikabaki mkononi.

"Hii ndiyo Malkia?"

"Hiyo ni... toleo la safari, bosi."

"Na picha ya mheshimiwa hapa ubavuni?"

Zilikuwa hotpoti za kampeni, zilizotolewa kwa kanisa kwa shangwe, vifuniko vikalegea kabla ya matokeo kutangazwa. Zilikaa stoo ya kanisa miaka yote kwa sababu hakuna aliyethubutu kuzitupa. Muthama alitaka kukimbilia polisi, akajiuliza ataanzia wapi kueleza.

"Koti usivue," alisema Ndululu. "Sinki iko kule, utaosha hadi deni liishe."

Huko Mutomo, Jumapili, mahubiri yakiendelea, Kalondu, aliyezijua hotpoti hata bila alama, alisukuma wilbaro mlango kwa mlango. Kila mama alikuta hotpoti yake mlangoni, akadhani kampuni imekosea kwa faida yake. Akaificha, akanyamaza, akangoja tatu zaidi. Ya Mbula, ambayo Muthama aliiacha ipakiwe na nyingine, ilisafiri hadi Kalamba mikononi mwa mama mmoja wa huko aliyekuja kusali. Anti Wayua alikuta tatu. Kuulizia zile nyingine kungemlazimu kutaja wenyewe.

Ijumaa ilifika, gari halikufika. Saa nane mchana, Anti Wayua alirudi kutoka barabarani na vumbi lake, akaketi mezani. Kalondu akamtengea muthokoi wa mahindi na maharagwe aliopika alfajiri. Anti akainua kifuniko, mvuke ukampiga usoni. Akaitambua ile rangi ya kijani.

"Hii si ilienda na ofisa?"

Kalondu aliweka kijiko mezani. Sauti ilipotoka, ilisikika hadi kwa jirani.

"Ni ya mama yangu, Anti. Haikuwa yako kuitoa."