Sifa za Kujiunga na Chuo cha Dokta Bryson

Bryson hakuwa na kazi, lakini hakuwahi kukosa cheo. Alishakuwa mratibu wa mradi wa nyuki, wakala wa viza za Kanada, na kwa wiki chache zenye faida nono, nabii msaidizi. Mji wa Mikumi ulimfaa sana. Umekaa kandokando ya barabara kuu, mabasi yanasimama, watu wanakula, wanaondoka. Mtu akitapeliwa Mikumi, mara nyingi akili humrudia akiwa ameshafika Ruaha Mbuyuni, na dereva hageuzi basi kwa ajili ya mjinga mmoja.

Mchana mmoja alikuwa amekaa kwenye banda la nyama choma, akila taratibu sahani ambayo hakukusudia kuilipia, aliposikia mtu akilalamika meza ya nyuma.

"Wananidai andiko! Mimi! Nimetumikia ofisi mpaka nywele zimenitoka, halafu kabinti kwenye simu kananiambia niandike kurasa kueleza ninataka kutafiti nini. Kama ningejua ninachotaka kutafiti, si ningeshatafiti?"

Aliyesema hayo aliitwa Ashrafu, afisa kutoka Kilosa, katika ofisi ambayo kwa heshima ya majengo yake hatutaitaja. Ukuu wa idara ulikuwa wazi, na safari hii walitaka mwenye shahada ya uzamili. Ashrafu alikuwa na shahada ya kwanza, aliyoipata kwa kusukumwa kama gari lililokufa betri. Alikuwa amepiga simu vyuo vyote anavyovijua, na kila kimoja kilimsomea sifa zilezile: ufaulu mzuri katika shahada ya kwanza, nakala ya matokeo, wadhamini wawili waliowahi kumfundisha, andiko la utafiti, kisha usaili. Gharama hakuiulizia. Kilichomuudhi ni kusoma.

Tapeli mchanga angegeuka palepale na kujitambulisha. Bryson hakugeuka. Alitoa simu yake, ambayo haikuwa na hata dakika moja ya maongezi, akaiweka sikioni.

"Hapana, Profesa. Huyo tumemkataa. Najua ni mheshimiwa, lakini sifa ni sifa. Chuo chetu hakiokoti watu." Akakaa kimya kidogo, akasikiliza hewa. "Na yule balozi naye hapana. Ufaulu wake umepwaya."

Kiti cha nyuma kikakwaruza sakafu.

"Samahani, mheshimiwa," Ashrafu alisema, ameshainama nusu. "Nimesikia bila kukusudia. Wewe ni wa chuo gani?"

"Chuo cha Uzamili cha Nyanda. Mimi ni Dokta Bryson, msajili. Lakini kaka, nakushauri mapema usijisumbue. Sifa zetu ni kali mno."

"Kali kiasi gani?"

Bryson akamtajia zilezile alizozisikia muda mfupi uliopita, akaongeza wadhamini wakawa watano na maandiko yakawa mawili. Uso wa Ashrafu ukang'aa. Chuo kinachokataa mabalozi! Hicho sasa ndicho chuo cha mtu kama yeye.

"Dokta," alinong'ona, "hakuna namna sifa zikalegezwa?"

Bryson akashusha pumzi kama mtu anayeombwa figo. "Namna ipo," alisema. "Ila inaumiza."

Kabla ya mwezi kwisha, chuo kilikuwa na kampasi mjini Kilosa: chumba kimoja si mbali na kituo cha reli, ambacho kabla ya kupata hadhi hiyo kilikuwa saluni ya kike. Kioo kirefu cha ukutani hakikung'oka, na pembeni yake kulikuwa na picha za mitindo ya misuko, kwa hiyo Bryson alivifunika vyote kwa pazia la bluu. Mlangoni akabandika tangazo la sifa za kujiunga. Chini yake, kwa herufi ndogo zilizosomwa zaidi kuliko zile kubwa, aliandika kwamba wasio na sifa wamwone msajili.

Walimiminika. Ukitaka kujua ukubwa wa kiu ya elimu, weka dalili kwamba elimu yenyewe haitahitajika. Alikuja mfanyabiashara wa mpunga kutoka Tindiga, aliyetaka kugombea na kutangazwa jukwaani kama msomi. Alikuja Costancia, mama wa makamo mwenye shule ya watoto wadogo kule Kimamba. Mshindani wake wa ng'ambo ya reli alikuwa amejiandika "Dokta" kwenye kibao, na tangu siku hiyo Costancia alikuwa halali vizuri.

"Mama, huu ni usaili," Bryson alimwambia, ameunganisha vidole. "Tueleze, utafiti ni nini?"

"Utafiti ni kutafiti."

"Ingia kwa undani zaidi."

"Ni kutafiti kwa undani."

Bryson akatikisa kichwa kwa mshangao wa kitaalamu. "Mama, kuna watu wamekaa vyuoni miaka na hawajafika hapo."

Kila sifa iliyokosekana ilikuwa na ada yake ya kulegezwa. Huna wadhamini? Chuo kitakutafutia. Huna andiko? Chuo kitakuandikia, kisha chuo hichohicho kitalisifu. Ashrafu alilegezewa mpaka hakikubaki cha kulegeza, na bado aliomba, kwa ajili ya heshima, apewe sifa moja ngumu ili naye aseme amehangaika.

Ndipo akaja Rutha.

Rutha alikuwa binti wa Kasaine, mfugaji wa Msowero aliyeuza ng'ombe baada ya ng'ombe ili bintiye asome. Alisoma kweli, akamaliza chuo kikuu kwa alama za juu, akarudi Kilosa kutafuta kazi. Kwa muda mrefu alijitolea katika ofisi ya Ashrafu, akiandika ripoti ambazo Ashrafu alizitia saini bila kuzisoma. Nafasi ilipotokea, Ashrafu alimwambia hana uzoefu, akampa mpwa wake, kijana ambaye uzoefu wake mkubwa ulikuwa kuwa mpwa. Rutha hakulia mbele yake. Alilia kwenye bodaboda njia nzima mpaka nyumbani, na dereva kwa adabu akajifanya anasikia upepo.

"Shikamoo," alisema, akaketi.

"Marahaba, binti. Shahada ya kwanza unayo?"

"Ninayo. Na nakala ya matokeo hii hapa."

Bryson aliitazama karatasi kwa heshima, akiwa ameishika juu chini. "Wadhamini?"

"Wawili. Walimu wangu. Ukiwapigia wanapokea."

"Andiko?"

Rutha akaliweka mezani. Lilikuwa juu ya ugomvi wa maji kati ya wakulima na wafugaji, na lilikuwa zito. Bryson akaanza kutoka jasho. Maisha yake yote hakuwahi kufikiria kwamba siku moja angetokea mtu mwenye sifa. Hakuwa na mpango wowote kwa ajili ya mtu wa namna hiyo.

"Kuna... kuna sifa nyingine ya ziada," alianza.

Rutha alikuwa anaangalia pazia. "Kaka," alisema taratibu, "nilisukwa nywele kwenye chumba hiki Pasaka. Nyuma ya hilo pazia kuna kioo. Chuo hakipo, sivyo?"

Bryson akaupima mlango kwa macho.

"Usikimbie. Sijaja kukuharibia. Nilikuja kuomba kusoma, sasa naomba kazi. Tangazo lako lina aibu. Andiko la utafiti umeliita 'maandiko'. Watu watadhani unafundisha wachungaji."

Bryson alifikiri haraka, na alipofikiri haraka hakuna kitu kilichomtokea usoni isipokuwa tabasamu. Dili lolote zuri linahitaji mtu wa kutoroka na mtu wa kubaki akijibu maswali. Wa kutoroka alikuwepo. Wa kubaki ndiye huyu, ameketi mbele yake, na vyeti vyake mkononi.

"Kuanzia leo wewe ni mratibu wa udahili," alisema. "Na lipa namba ya chuo, ya kupokelea ada kwa simu, tutaisajili kwa jina lako, kwenye laini yako."

"Kwa nini jina langu?"

"Nakujengea uzoefu, mdogo wangu."

Rutha akakubali. Chuo kikabadilika. Tangazo likaandikwa upya, maombi yakajibiwa kwa lugha iliyomfanya Ashrafu ajisikie amesoma hata kabla hajafungua barua. Ada zikaingia kwenye lipa namba ya Rutha bila kupumzika, naye akawa anampa Bryson ya kula, ya kunywa na ya kuvaa. "Nyingine tuiache ikae," alimshauri. "Ukitoa kila siku, wakala ataanza kuuliza." Bryson akaona binti ana akili. Akamwonea huruma kidogo, huruma ile mtu anayomwonea kuku wa sikukuu.

Ikapangwa hafla ya kukabidhi barua za udahili, katika ukumbi mmoja Mikumi, Jumamosi. Siku mbili kabla, Rutha akiwa nje ya chumba na chai mkononi, alimsikia Bryson akizungumza na wakala wa basi. Safari hii simu ilikuwa na salio.

"Mbeya, Jumamosi mchana. Kiti kimoja. Ndiyo, kimoja tu, dirishani. Hapana, sina mtu."

Rutha alisimama pale mpaka chai ikapoa. Alikuwa hajaamua lolote mpaka dakika ile. Mara kadhaa alitaka kuwarudishia watu fedha zao, kisha akamkumbuka Ashrafu na mpwa wake, akaahirisha. Sasa aliona wazi nani angeburutwa polisi Jumamosi jioni, na baba yake angesimama vipi mbele ya wazee wenzake. Akaingia, akaweka chai mezani, akasema amesahau sukari.

Jumamosi asubuhi Bryson alimsubiri kampasi. Hakutokea. Akapiga simu, ikaita sana.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Uko wapi? Nataka tutoe ile fedha yote."

"Niko kwenye treni. Imeshatolewa."

Bryson alikaa kwenye kiti kilichobaki cha saluni. "Rutha. Mdogo wangu. Hiyo ni yetu sote."

"Tungekuwa sote, ungekata viti viwili." Nyuma ya sauti yake mhudumu alikuwa akitangaza kituo. "Nimepata nafasi ya uzamili, Dokta. Chuo cha kweli. Walitaka matokeo, wadhamini na andiko, nikawapa. Kilichokuwa kinanikwamisha ni ada. Asante kwa uzoefu."

Simu ikakatwa.

Mtu mwenye busara angepanda basi lake la Mbeya. Bryson hakuwa na busara, alikuwa na ujanja, na ujanja ulioibiwa huwa na hasira ya ajabu. Alipanda bodaboda mpaka Mikumi, akaingia ukumbini akihema. Ndani kulikuwa na pilau, maspika na waombaji wote wa chuo, kila mmoja amevaa joho jeusi lililoshonwa Kilosa. Ndiyo, joho la kuanza masomo. Costancia alikuwa ameshauri, kwa kuwa hakuna sheria inayokataza.

Bryson akanyakua kipaza sauti.

"Jamani, tumeibiwa! Chuo hakipo! Ni mimi nilikitunga, hapahapa Mikumi, nikila nyama! Rutha amekimbia na ada zenu! Nendeni polisi, atakamatwa!"

Ilikuwa mara ya kwanza katika utu uzima wake kusema ukweli mbele ya watu, na sauti yake ilitetemeka vizuri sana. Kisha Ashrafu akasimama, akakunjua joho, akainua simu yake juu.

"Tulitahadharishwa," alitangaza. "Asubuhi ofisi ya udahili imetutumia ujumbe. Bwana huyu ameondolewa kwenye cheo cha msajili baada ya kugundulika hana sifa. Ikasema atakuja na wivu wake." Akamgeukia. "Hebu tuambie. Shahada ya kwanza uliipata wapi?"

"Sina! Ndiyo nawaambia! Kidato cha nne chenyewe nilipata sifuri!"

"Mnasikia?" Ashrafu aliwauliza wasomi wenzake, akiwa na huzuni kubwa. "Na mtu wa hivi ndiye aliyekuwa anatusaili."

"Aibu!" akapaza mfanyabiashara wa Tindiga.

"Bwana Ashrafu, fikiri! Ulishaliona darasa lake hata moja? Ulishamwona mwalimu?"

"Chuo kikubwa hakikusumbui na walimu," Ashrafu alijibu, na makofi yakapigwa kwa muda mrefu. Palepale wakamchagua kuwa kaimu mkuu wa kampasi. Vijana wawili wa ulinzi wakamshika Bryson kwapani, wakamtoa nje, wakamweka kwenye changarawe kando ya barabara kwa upole unaostahili mgonjwa.

Basi la Mbeya lilipita. Dirishani kulikuwa na kiti kitupu.

Alikuwa bado amekaa pale mlango ulipofunguliwa, akatoka Costancia, ameinua pindo la joho lisishike vumbi. Alitazama nyuma, kisha akainama.

"Nakuamini," alinong'ona. "Nilijua tangu siku ya usaili."

Bryson akamkodolea macho. "Ulijua? Sasa mama, mbona hukusema mle ndani?"

"Niseme nini? Kibao cha shule yangu kimeshachorwa. Wazazi wameshaambiwa." Akamtia simu mkononi. "Tunatoka kupiga picha ya pamoja, na kila mtu anataka kuwemo. Simama huko kwenye mwanga. Angalia usitukate miguu."

Wakatoka wote, wakajipanga, wakakunja nyuso za kisomi. Bryson akapiga. Ikabidi arudie, kwa sababu katika ile ya kwanza mkuu wa kampasi alikuwa amefumba macho.