Wa Kwanza Nyuma ya Gari la Theluji

Ijumaa, 22 Machi

Siku kubwa! Baba mkwe Halvard amepiga simu kutoka mlimani. Anasema miguu imechoka. Pasaka hii atakabidhi ufunguo wa nyumba yake ya mlimani kwa mkwe atakayefikisha familia salama, bila gari kuvutwa kutoka mtaroni. (Kila mwaka kuna mtu huvutwa. Sitaji jina. Barafu ile ilinionea.)

Wakwe ni wawili: mimi na mwanyumba wangu Gaute. Yaani ni mmoja.

Gaute amefunga matairi mapya yenye misumari ya kung'ata barafu. Amepakia sepetu, kamba, mchanga, mablanketi. Anakwenda kuteleza kwenye theluji au anahama? Matairi yangu yana misimu sita na tumezoeana. Ingunn, mke wangu, ameuliza kama nimeyapima meno. Nimemjibu kwamba mtu aliyezaliwa kwenye theluji hupima kwa makalio. Hakucheka.

Jumamosi, 23 Machi

Kwenye geti la barabara ya mlimani. Upepo mkali. Hakuna kupita ila kwa msafara: gari la kusukuma theluji linatangulia, wengine mnafuata taa za aliye mbele yenu. Na nani alikuwa wa kwanza kwenye foleni? Gaute! Nafasi yangu!

Nikamnong'oneza kwamba kule kwenye kibanda cha geti wanagawa maandazi ya iliki bure. Alitoka mbio. Nikachomeka gari langu mbele ya lake. Aliporudi mikono mitupu akaniita mtu wa ovyo mbele ya watu. Wivu.

Dereva wa gari la theluji, mama wa makamo, akapita kukagua. Akaagiza tuwashe taa za dharura, tusiachwe mbali, tusisimame njiani hata kidogo, na nguo nene ziwe ndani ya gari. Akauliza zetu ziko wapi. Nikamwonyesha sanduku juu ya paa. Akajaribu kulifungua. Limeganda.

"Baba, hili ni jeneza la nguo," akasema. Kwa heshima, nadhani.

Gaute akatuazima mablanketi. Niliyapokea ili asijisikie vibaya.

Tukaondoka. Mimi wa kwanza! Msafara mzima nyuma yangu! Kifua kilijaa. Nilitaka baba mkwe aone, kwa hiyo nikasimama kidogo, kidogo sana, nipige picha. Nilipoinua macho, gari la theluji halipo. Weupe mtupu kila upande. Ingunn akasema nitulie, nifuate vijiti vya kando ya barabara. Vijiti ni vya wageni. Mimi niliona taa nyekundu upande wa kushoto, nikazifuata kishujaa.

Lilikuwa trekta. Linarudi kwao.

Msafara wote ukanifuata hadi uani kwa watu. Mzee mwenye trekta akashuka, akatutazama, akauliza ni harusi au msiba. Watu walinitolea maneno ambayo siyaandiki. Lakini walinifuata! Wote! Uongozi ni kipaji.

Nikageuza gari kwa mbwembwe. Nikakanyaga breki. Matairi yakanisaliti, nikaingia mtaroni. Gaute akanikwepa, akatumbukia pembeni yangu, misumari yake yote ikitazama angani. Trekta likatuvuta wote wawili. Sare!

Ingunn akafungua mlango wangu. "Mume wangu, sogea huko." Gari la theluji lilikuwa limerudi kutuchukua. Yule mama akatupanga wa mwisho kabisa. Ingunn akaendesha kwa gia ya pili, mguu mwepesi, akimwachia nafasi aliye mbele, hakanyagi breki kwa ghafla. Nilimsaidia kwa ushauri. Akaniomba ninyamaze.

Jumapili, 24 Machi

Baba mkwe amekaa nasi sebuleni, akauliza nani kavutwa. Gaute akajibu, "Baba, sote." Mtu mkweli anachosha! Nikaeleza kwamba nililipeleka kundi lote kupumzika. Mzee akauliza nani basi aliyewafikisha hao wa gari langu. Nikachunguza soksi zangu.

Akauvua ufunguo shingoni, akamvika Ingunn. Akasema mkwe wa kumkabidhi hajampata, lakini binti anaye. Ingunn akalia. Mzee akapangusa macho, akasingizia moshi. Nami nililia, kwa fahari. Nimeshinda!

Jumatatu, 1 Aprili

Leo tunarudi. Ufunguo unakwenda nyumbani kwangu, Gaute hana kitu. Hata mtoto wa chekechea anajua nani mshindi.

Ingunn alishika usukani, mimi nikamenya machungwa na kumwelekeza kila kona. Kona ya tisa akasimama, akanishusha kwenye kituo cha basi, akaenda zake. Alihitaji faragha afikirie niliyomfundisha.

Basi likaja. Dereva alichukua kona vibaya mno. Nikasogea mbele, nikamwambia. Nikamwambia tena.

Naandika haya kwenye kituo kilichofuata. Nasubiri basi lenye dereva anayefundishika.